Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliyepiga picha na manowari

Mdogo wangu, salaam aleikum.

Picha zako za juzi nimeziona kwenye grupu la familia, hasa ile umeegemea meli kama mtu aliyeinunua jana, na hilo koti lako mashaallah. Nimeona na ulichoandika chini yake, ati "meli ya vita ya wazungu, sisi haituhusu ila ni kubwa". Watu wakacheka, shangazi akaweka vile vikatuni vyake kumi. Mimi nikaanza kukujibu palepale kwa simu nikaona vidole vinachoka na grupu lenyewe limeshahamia mambo ya harusi, ndo nikaja kuandika huku hadharani, na wengine wasome, manake hauko peke yako kudhani hivyo.

Kwanza hata si kubwa. Hiyo ni HMS Cavalier, iko hapo Chatham, Uingereza, na ndiyo destroya (manowari nyembamba yenye mbio) pekee ya Uingereza ya Vita vya Pili iliyobaki huko kwao. Urefu kama mita 110, lakini upana hata 11 haufiki, yaani ni kisu. Ukiiweka Kilindini leo kando ya meli moja ya makontena ingeonekana kama ngalawa. Iliteremshwa majini 1944, vita viko ukingoni, ikastaafu 1972. Na hapo hapo ilipo pana kumbukumbu ya destroya 142 za Uingereza zilizozama katika vita vile na watu zaidi ya 11,000 waliokufa nazo. Sijui kama uliiona au ulikuwa unatafuta pembe nzuri ya selfi.

Babu alikuwa haziiti destroya. Kwake zote zilikuwa manowari, ndogo kubwa, yenye mizinga miwili au kumi, manowari tu. Na neno lenyewe ni lao, wao walisema man-of-war, masikio ya pwani yakamaliza kazi. Sasa hii aina ya kwako jina lake lilianza refu: meli ya kuharibu boti za topido. Mwingereza mmoja, Robert Whitehead, alikuwa fundi huko Fiume, wakati huo chini ya Austria, na mwaka 1866 akatoa topido yake ya kwanza, bomu linalojiendesha lenyewe chini ya maji. Ghafla kiboti cha bei rahisi kinaweza kuzamisha limeli lililomaliza hazina ya nchi. Waingereza roho juu! Mwaka 1893 wakatoa HMS Havock, nyembamba, ina mbio karibu kilomita 50 kwa saa, kazi yake kufukuza hivyo viboti. Halafu wakaipa na yenyewe topido, kwa hiyo paka akachukua na kazi ya panya, na viboti vikaanza kukosa kazi. Jina likakatwa likabaki destroya.

Vita vya Kwanza nitapita haraka. Usije tu ukamsikiliza yule jamaa wa baraza ya kahawa anayesema Pegasus aliyezamishwa na Wajerumani Unguja 1914 alikuwa destroya. Alikuwa kruza, manowari kubwa kuliko destroya, na tena alikuwa amezima anasafisha mitambo manowari ya Wajerumani Königsberg ilipomfikia asubuhi. Makaburi ya mabaharia wake yapo kile kisiwa cha Chapwani. Cha kushika ni kwamba vita vile vilileta nyambizi kwa wingi, na destroya akageuka mlinzi, kazi yake ikawa kutembea na misafara ya meli za mizigo na askari, kunusa chini ya maji kuna nini.

Sasa njoo nyumbani. Mimi kila asubuhi navuka feri Likoni, na pale katikati ya maji ukiangalia upande wa bandarini unaelewa kwa nini pakaitwa Kilindini, meli zinaingia ndani kabisa kama basi linaingia stendi. Aprili 1942 ndege za Wajapani zilipiga Colombo, siku ya Pasaka, zikazamisha mpaka destroya Tenedos akiwa humo humo bandarini. Waingereza wakaona Ceylon, Sri Lanka ya leo uliko mji huo wa Colombo, hapakaliki, jeshi lao la maji la mashariki likaja kuegeshwa wapi? Hapa. Babu alikuwa anabeba mizigo bandarini, alikuwa akisema zile siku ukisimama Likoni huoni ng'ambo, ni kijivu tupu. Nadhani aliongeza chumvi kidogo, ila si nyingi. Na ile shule ya Allidina Visram, unayopita ukienda kula mishkaki, ilichukuliwa wakawekwa watu wa kusikiliza redio za Wajapani na kufumbua siri zao. Shule, bwana! Mwezi uliofuata, Mei, wakaenda kuichukua Diego Suarez kule Madagaska kutoka kwa Wafaransa wa Vichy, wale walioshirikiana na Wajerumani, na usiku mmoja destroya anaitwa Anthony akapenya mlango wa bandari mbele ya mizinga ya Wafaransa, amebeba askari 50 tu, akawamwaga nyuma ya adui. Baadaye Keya wetu, askari wa Kiafrika wa jeshi la Mwingereza, nao wakapelekwa Madagaska kumalizia. Kwa hiyo hilo la "haituhusu" limeshaanza kuvuja maji, lakini sijafika.

Kuna destroya anaitwa Petard. Huyu ndiye sababu ya barua.

Oktoba 1942 Petard yuko na wenzake bahari ya Misri, wameiwinda nyambizi ya Wajerumani, U-559, saa nyingi mpaka usiku ikaibuka, Wajerumani wanaruka majini. Luteni mmoja, Anthony Fasson, na baharia Colin Grazier wakaogelea wakaingia ndani ya nyambizi inayozama, giza, maji yanapanda, wakaanza kutoa vitabu vya siri. Nyuma yao akafuata dogo wa kantini, Tommy Brown, miaka 16, kazi yake pale melini kuuza sigara na chokoleti. Akawa anapanda na kushuka ngazi anapokea vitabu, anawapa walio kwenye boti. Mara ya mwisho akawaita hao wawili watoke, nyambizi ikaenda chini nao. Dogo akapona. Vile vitabu vikafika Bletchley Park, kituo cha Waingereza cha kufumbua siri, na kabla mwaka haujaisha wakawa wanasoma tena mawasiliano ya nyambizi za Wajerumani baada ya miezi kama kumi ya kukaa gizani. Fikiria, muuza chokoleti. Wiki chache mbele, Desemba, Petard akamaliza nyambizi ya Italia, Uarsciek.

Basi ukisoma wanaoandika habari za destroya, Petard ni bingwa, manake ndiye aliyezamisha nyambizi za mataifa matatu yote, Mjerumani, Mtaliano na Mjapani. Watakusimulia ya Mjerumani kurasa kumi. Ya Mjapani wanapita nayo mbio, na ndiyo yetu.

Tarehe 6 Februari 1944 msafara wa meli tano za askari ulitoka Kilindini kwenda Colombo. Mojawapo Khedive Ismail, meli kuukuu ya 1922, jina la yule mtawala wa Misri ambaye 1875 alileta majeshi yake mpaka Kismayu akitaka pwani hii ya Sultani, Waingereza wakamrudisha. Jina lake likapita tena hapa limebeba watoto wa watu. Ndani kulikuwa na watu zaidi ya 1,500, kati yao 996 wa Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki, maofisa na askari, na mabaharia wa Kiingereza, na manesi na akina dada wengine wa jeshi. Askari wetu hao walikuwa wanapelekwa upande wa vita vya Bama (Burma). Walinzi wa msafara ni kruza mmoja mkongwe, Hawkins, na destroya wawili, Paladin na huyo Petard.

Siku ya sita, Jumamosi tarehe 12, mchana saa nane na nusu hivi, wapo karibu na Maldivi. Bahari imetulia, jua kali. Watu wengi wako chini, ukumbini kuna muziki. Nyambizi ya Kijapani I-27 ikatuma topido, mbili zikapiga Khedive Ismail. Meli ikazama kwa muda usiofika dakika mbili. Hebu shika saa uhesabu dakika mbili, halafu ujiweke chini ya sitaha na wenzako mia kadhaa na ngazi ni moja.

Waliobahatika kutoka wakawa wanaelea, wameshika mbao, wameshika maboya, wengine wameshikana wenyewe. Meli nyingine nne zikatawanyika, ndiyo amri, hakuna kusimama. Paladin akashusha boti aanze kuokota watu. Petard akawa anatafuta nyambizi, na nyambizi ilipojificha ni chini ya watu. Chini yao kabisa.

Nikueleze lile bomu lao la majini lilivyo. Ni pipa, kama pipa dogo la mafuta, limejaa baruti zaidi ya kilo mia. Linasukumwa nyuma ya meli, linazama, na lina kifaa kinachosikia uzito wa maji, ukilitegea kina fulani likifika hapo linalipuka. Juu unaona maji yananyanyuka kama mnara. Nyambizi halihitaji kuigusa, msukumo wa maji unatosha kuibana. Na mtu anayeogelea naye ana mapafu na matumbo, msukumo haumchagui. Petard alipita na mapipa yale pale pale penye watu. Waliokuwa majini walimwona akija, wengine walidhani anakuja kuwaokoa.

Nyambizi ikabanwa ikaibuka. Ilikuwa ndefu kuliko Petard mwenyewe, hizo za Wajapani zilikuwa malimeli, na risasi za mizinga ya destroya zinaigonga hazipenyi. Paladin akaenda kuigonga kwa pua, akaambiwa acha, akakata kona akachelewa, bawa la nyambizi likampasua ubavu akaanza kujaa maji. Petard akaanza kutuma topido, moja ikakosa, ya pili ikakosa, mpaka ya saba ndiyo ikapiga. I-27 ikaisha. Tangu meli izame mpaka hapo ni zaidi ya saa mbili. Halafu Petard akamfunga Paladin kamba, akamvuta mpaka kisiwa cha Addu, huko huko Maldivi.

Waliokufa Khedive Ismail ni 1,297. Waliopona wanaume 208 na wanawake 6.

Mimi yule kapteni wa Petard simlaumu, na hili nimebishana nalo sana na rafiki yangu mmoja wa feri ambaye anasema ule ni uuaji, kwisha. Nyambizi ile ikiachwa chini, zile meli nne zimejaa watu, na giza linaingia, nani angejibu asubuhi? Aliyeamua aliamua akiona nyuso za watu majini, na mabaharia wake waliosukuma yale mapipa nao waliziona. Kinachonikera mimi ni masimulizi. Fasson ana jina, Grazier ana jina, dogo wa kantini ana jina na nishani yake, na wanastahili wallahi. Hao wa mizinga, waliotoka huku kwetu Kenya na Uganda na Tanganyika, wanapewa nusu sentensi, "na wanajeshi wa Kiafrika", nukta, turudi kwa Petard. Kama walikuwa mizigo.

Majina yenyewe yapo. Nairobi, barabara ya Ngong, makaburi ya vita, kuna mnara wa Afrika Mashariki wa wale wasio na kaburi, na wa Khedive Ismail wamo. Niliwahi kupita nje yake kwenye matatu mara kumi bila kujua, nikiangalia simu. Nikienda mwezi ujao kwa ile shughuli ya leseni nitashuka, nitapiga picha nikuletee kwenye grupu, na tuone nani ataweka vikatuni.

Petard mwenyewe alikatwa vyuma chakavu 1967, kwa hiyo umebaki na huyo Cavalier tu wa kumwona destroya wa enzi zile alivyokuwa. Naye wameshamrekebisha sana baada ya vita, usitafute yale mapipa ya nyuma. Lakini ukirudi, nenda mpaka mwisho kabisa wa meli, nyuma, usimame pale uangalie maji yalivyo karibu. Kwenye picha zako hiyo sehemu haimo, zote umejaza pua ya meli na pua yako.

Na mamako anauliza hilo koti ulinunua au uliazima.

Kakako wa Likoni