Malalamiko: suti za kupigia mbizi za 3/2 zilizouzwa kama milimita 5

Kwa Meneja Mkuu,

MINT: SUTI 6 ZA ZIWA CHALA

Bwana Meneja,

Baada ya salamu, jambo lenyewe ni hili: katika suti ya kupigia mbizi, tatu na mbili si tano. Nalazimika kuliandika kwa sababu Jumatatu kijana wenu wa kaunta alichukua kalkuleta, akabonyeza 3, akajumlisha 2, akanigeuzia nisome 5 mbele za wateja. "Mzee, hesabu ndiyo hiyo." Wakacheka.

Oda yangu, ya safari ya kuwapeleka wanafunzi wangu kupiga mbizi Ziwa Chala, kule Taveta, ilisema suti 6 za milimita 5, mwili mzima. Risiti yenu ya Sh 96,000 inasema vivyo hivyo. Mlizoleta Ijumaa usiku, mifuko imefungwa na gari linaondoka alfajiri, ni 3/2: kifua na mgongo milimita 3, mikono na miguu milimita 2. Hakuna mahali hata pamoja penye 5.

Kwa bahari yetu hapa Mombasa, yenye nyuzi 25 hadi 29, suti hiyo inatosha na kubaki. Chala ni ziwa la kreta, yaani shimo la volkano, mita 880 hivi juu ya usawa wa bahari, linalolishwa na maji ya ardhini kutoka Kilimanjaro. Juu lina uvuguvugu wa kumdanganya mgeni. Chini nyuzi zinateremka hadi kama 22. Maji ya ziwa tunayaita maji baridi, na huko jina limempata mwenyewe. Tena mpira wenyewe haubaki na unene wake. Viputo vya gesi vilivyomo hubanwa: mita 10 vimebaki nusu, mita 20 theluthi. Anayeanza na milimita 2 mkononi anabaki na nini?

Mbili kati ya hizo suti zilikuwa pana shingoni. Maji mapya yakiingia kila mtu anapogeuka, joto la mwili hutoka nayo, hata suti ingekuwa ya milimita 7. Na mikanda ya uzito, ile ya vipande vya madini ya risasi vya kumsaidia mpiga mbizi kuzama, tuliipanga kwa 5: unapunguza kilo 2 hivi kwa kuwa maji matamu hayamwinui mtu kama ya chumvi, kisha unarudisha kilo 1 au 2 kwa ajili ya unene wa mpira. Kwa 3/2 kila mwanafunzi alikuwa mzito kupita kiasi, ikabidi tupime upya mmoja mmoja ukingoni. Dakika 18 chini, wawili walikuwa wakitetemeka, nikawapandisha wote. Mbizi ya pili tukaifuta, maana mwili uliokwisha kupoa hauupeleki tena kwenye baridi ile ile.

Nilikuja kwenu kuomba kubadilishiwa tu, suti 6 za milimita 5 na kofia zake za mpira. Basi.

Lakini lile la kaunta halinitoki. Sikupaza sauti. Nilimwonyesha lebo, nikabana mkono wa suti kwa kipimo cha fundi, kikasoma 2. Hakukitazama. Aliwatazama wateja kwanza, ndipo akabonyeza: 3, jumlisha, 2, akanisogezea kalkuleta hadi karibu na pua. "Hesabu ndiyo hiyo, mzee." Msimamizi wenu alikuwa hatua mbili nyuma yake. Alitabasamu.

Kwa hivyo kubadilishiwa hakutoshi tena. Nataka Sh 96,000 zote, gharama ya gari la Taveta kwenda na kurudi, na barua ya kuomba radhi yenye sahihi ya msimamizi huyo, si ya mwingine. Nawapa siku 7. Kifungu cha 46 cha Katiba na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 mnavijua, na Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai hadi shilingi milioni 1. Nitakwenda na suti, risiti na kipimo. Kalkuleta mje nayo nyinyi.

Wenu,
Mkufunzi wa kupiga mbizi,
Mombasa