Uluguru si chanzo cha maji tu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu milima yetu ya Uluguru, hapa Morogoro. Kila kiangazi, mto Ruvu ukipungua na mabomba ya Dar es Salaam yakaanza kutoa upepo, milima yetu inatajwa magazetini na redioni: chanzo cha maji, hifadhi ya mazingira asilia ya hekta 24,000 na ushei, moto, ukataji miti. Yote kweli na yasemwe. Lakini sisi tuliozaliwa huko tunasikiliza hadi mwisho tukingoja habari za milima yenyewe, hazifiki.

Nimekulia Matombo. Kwa Kiluguru neno hilo ni matiti, na mgeni akiinua macho akaiona ile miamba miwili imesimama pamoja, haulizi tena. Alfajiri bibi yangu alitoka uani, kanga begani, akatazama juu. Ukungu ukiwa umelala bondeni, alichukua jembe akaenda shamba. Wingu likikaa kileleni limetulia, alirudi kukunja mkeka wa mahindi aliyoanika jana yake. "Leo wazee wamejitanda," alisema, na kabla ya adhuhuri tulikuwa tunakinga maji ya mvua kwenye sufuria.

Ni yeye aliyenisimulia habari za Kolelo, nyoka mkubwa mwenye pango lake huko upande wa mashariki. Watu walikuja kwa miguu kutoka Uzaramo, nchi ya Wazaramo kuelekea pwani, kuomba mvua. Hawakuingia pangoni kwa pupa. Walisubiri nje, sauti ikasikika ndani, na mlinzi wa pango ndiye aliyewafasiria. Bibi akifika hapo alishusha sauti, nasi watoto tukasogea karibu na moto. Jirani na mahali pa namna hiyo hukati mti mbichi wala hupigi mluzi. Hapakuhitajika askari wa misitu.

Tena si ngano za kulalia tu. Mwaka 1905, Majimaji ilipowaka, jina la Kolelo lilitajwa Uzaramo na Uluguru: Kolelo amekataza watu kuwalipa Wajerumani kodi. Shuleni tunafundishwa Kinjikitile wa Ngarambe, na ni haki yake. Ila mtoto wa Kolero, huko liliko pango hilo, anaweza kumaliza kidato cha nne asijue kwamba jina la pango la kwao lilivuka milima na kutikisa serikali ya Mjerumani.

Mwaka jana nilipanda Morningside, mlimani juu ya mji wa Morogoro, na wageni. Kijana aliyetuongoza alieleza vizuri mno habari za yule ndege kipwe asiyepatikana popote duniani ila Uluguru, hadi nikajivuna. Mgeni mmoja akauliza wenyeji wanasimulia nini kuhusu milima hii. Akajibu, "Hakuna kitu, ni imani za zamani tu." Niliumia. Simlaumu kijana, maana hakuna aliyekaa naye akamwambia.

Ombi langu ni kwa wahifadhi, walimu na maofisa utamaduni wa mkoa. Kaeni na wazee Kolero, Matombo, Mgeta, na Kinole kwenye kiti cha Kingalu, chifu wa Waluguru. Warekodiwe kwa Kiluguru kwanza, Kiswahili kifuate, kwa sababu majina ya vijito na mapango ukiyatafsiri mapema yanakufa mdomoni. Wao ndio waamue lipi litoke na lipi libaki kwenye ukoo. Wanawake wasiachwe nyuma: kwetu ardhi na ukoo hufuata upande wa mama, na masimulizi mengi yako kwao.

Bibi alitangulia mbele za haki, na sauti yake sikuihifadhi. Kijijini kwetu wamebaki wazee watatu wanaoujua wimbo wa kuomba mvua tangu mwanzo hadi mwisho. Mmoja ameanza kupoteza usikivu. Njia ya kwao hupitika vizuri kabla ya masika.

Mjukuu wa Matombo,
Morogoro