Kuhusu yale madonda uliyoniuliza

Shosti wangu,

Mzima lakini? Meseji yako ya usiku nimeisoma, eti mi naamini mambo ya stigmata, yale madonda kama ya Yesu msalabani yanayomtokea mtu mwilini, au ni mazingaombwe tu, maana Yesu mwenyewe hakupigiliwa viganjani. Nikaona nikijibu kwa mstari mmoja utanipigia kelele, bora nikuandikie nikiwa nimetulia.

Kwenye viganja umenishika pabaya, nakubali. Daktari mmoja Mfaransa, Pierre Barbet, alijaribu kupigilia misumari kwenye mikono iliyokatwa na maiti miaka ya 1930, akaona kiganja kinachanika, uzito wa mtu hakibebi, akasema msumari ulipita kwenye kifundo cha mkono. Sasa angalia wenye madonda, wengi yako katikati ya kiganja palepale wachoraji walipochora miaka yote, yaani kama vile mwili unaigiza picha ya ukutani. Watetezi wanasema neno la Kigiriki la mkono linachukua mpaka kifundo, sawa, hiyo inaiokoa Injili ila haitujibu madonda yalijuaje pa kukaa. Halafu mpaka Fransisko wa Assisi, yule mtawa wa Italia aliyetokewa na malaika mwenye mabawa sita kule mlima La Verna mwaka 1224, hakuna habari ya maana ya mtu kupata hayo madonda, Paulo anawaambia Wagalatia anachukua mwilini mwake chapa zake Yesu lakini wengi wanaielewa kama makovu ya kupigwa.

Ila sasa kuna kitu we hukukigusa. Hawa watu walikuwa wanaficha! Fransisko alificha mpaka kwa wenzake waliokuwa wanalala naye nyumba moja. Thomas wa Celano aliyeandika maisha yake miaka michache baada ya kifo chake anasimulia kwamba mtawa mwenzake Rufino alikuwa anamkanda, mkono ukateleza ukagusa lile donda la ubavuni, Fransisko akaumia sana, akausukuma ule mkono akamwomba Mungu amsamehe Rufino. Hebu fikiria mtu anasukuma mkono wa rafiki yake vile. Mi hiyo habari imenikaa kichwani kuliko yule malaika mwenye mabawa sita. Katarina wa Siena, mtakatifu mwingine wa Italia, naye mwaka 1375 aliomba yake yasionekane kabisa, akabaki na maumivu tu.

Padre Pio, yule Mkapuchini wa Italia, ndo kichwa kinaniuma. Yalimtoka Septemba 1918, na mwezi uliofuata anamwandikia padre wake wa kiroho kwamba maumivu yabaki sawa ila hizi alama za nje Mungu amwondolee, anaona aibu. Akavaa glavu zilizokatwa vidole miaka 50, na alipokufa 1968 wanasema ngozi ilikutwa safi bila hata kovu. Lakini pia kuna karatasi kwenye makabrasha ya Vatikani, mwaka 1919 aliagiza asidi ya kaboliki, dawa ya kuua vijidudu inayounguza ngozi, kwa siri, watu wake wanasema ilikuwa ya kusafishia sindano, wabaya wake wanasema alikuwa anajiunguza nayo apate madonda. Kanisa lenyewe lilimbana, kuanzia 1931 mpaka 1933 hakuruhusiwa kuadhimisha misa mbele ya watu, halafu 2002 haohao wakamtangaza mtakatifu. Na hakuna anayekulazimisha kuamini madonda yake, mtu akitangazwa mtakatifu wanaangalia aliishije, damu siyo kigezo.

Kwa hiyo mi niko wapi? Nikielemea kwenye imani naikumbuka ile asidi, nikielemea kwenye asidi namkumbuka Rufino na mkono wake. Nadhani inawezekana akili ya mtu ikafikiria mateso ya mwingine mpaka ngozi ikapasuka, na sioni kwa nini hapo Mungu atolewe nje, ila najua utacheka.

Ukipata nafasi nijibu, ila ile klipu ya yule jamaa anayenyoosha viganja mbele ya kamera huku akizungusha kapu la sadaka usinitumie tena, huyo sina haja hata ya kumjadili.

Wako yuleyule mbishi