Msisaini Siku Hiyo: barua ya wazi kwa wasanii wa gemu mliopunguzwa kazi Marekani

Wanangu wachoraji, waandishi na watu wa sauti,

Januari 2024 Microsoft ilipunguza watu 1,900 upande wa gemu, miezi mitatu tu baada ya kuinunua Activision Blizzard kwa karibu dola bilioni 69. Mei ikatangaza kuifunga Tango Gameworks ya Tokyo, ambayo gemu yake ya Hi-Fi Rush ilikuwa imesifiwa kila kona. Kwa hiyo acheni kujiuliza mlikosea wapi. Shughulikeni na karatasi.

Mtapewa mkataba wa kuachana: kiinua mgongo, nanyi mnaachia haki ya kushtaki. Msisaini siku hiyo. Aliyefikisha miaka 40, wakipunguzwa wengi kwa pamoja, sheria inampa siku 45 za kuusoma na 7 za kughairi baada ya kusaini. Vijana hamna kinga hiyo. Ombeni wiki mbili kwa maandishi. Kampuni ya watu 100 au zaidi, ikipunguza wengi, kwa kawaida hudaiwa notisi ya siku 60. Angalieni mshahara wa siku hizo usije ukaitwa kiinua mgongo.

Bima ya COBRA, yaani kuendelea na bima ya afya ya kazini kwa kuilipia mwenyewe, ni ghali, ila mna siku 60 za kuamua, na ukijiunga na kulipa michango ya nyuma inakukinga tangu siku bima ya kazini ilipokatika. Wenye viza ya kazi ya H-1B, inayomtegemea mwajiri, wakiwemo vijana wetu wa Nairobi na Dar, mna hadi siku 60 tangu ajira ikome kupata mwajiri mwingine, kubadili viza au kuondoka. Bora kuomba mbaki kwenye orodha ya mishahara muda zaidi kuliko kulipwa kwa mkupuo.

Kinachowaponza wengi ni mafaili. Usinakili kitu kwenye flashi usiku wa mwisho. Mfumo unarekodi, na kiinua mgongo kinaweza kuyeyuka. Gemu ikishatoka, inunue urekodi kazi yako humo. Ambayo haijatoka, omba ruhusa ya maandishi. Omba pia jina lako liwekwe kwenye orodha ya waliotengeneza, maana baadhi ya studio huwafuta walioondoka mapema.

Video ya kazi zako iwe sekunde 60 hadi 90, kazi bora ianze. Chini ya kila kipande andika ulichofanya: "Nimechonga mnara na kuupaka rangi, mwanga si wangu." Ukiweka mandhari iliyojengwa na watu kumi bila maelezo, mhoji atakuomba umwonyeshe wavu wa mistari unaounda modeli (wireframe), na hapo utakwama. Waandishi, achaneni na kurasa 40 za historia ya ufalme, hazisomwi. Tengenezeni mazungumzo mafupi yenye matawi kwenye Twine, programu ya kuandikia hadithi za kuchagua njia, mtu ayabofye.

Chama cha United Videogame Workers, kilichoanza Machi 2025 chini ya CWA, chama cha wafanyakazi wa mawasiliano Marekani, kinapokea hata wasio na ajira. Na namba za wenzenu ziandikeni kabla Slack, programu ya mazungumzo ya kazini, haijafungwa kwenu, kwa kuwa hufungwa siku hiyohiyo.

Mzee wenu