Msiwatupie matarishi lawama

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu nilipokuwa karani kijana, na sijawahi kukuandikia. Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu posta ya zamani imenishinda kunyamaza. Mwandishi wenu anasema barua za Ulaya zilichelewa kufika pwani yetu kwa sababu meli za moshi zilikuwa nzito na matarishi walikuwa wavivu. Nimechambua barua miaka 31, mingi kati ya hiyo nikipokea magunia ya treni za usiku. Barua iliyo njiani haichelewi sana. Inachelewa ikishawekwa chini.

Aitazame njia yenyewe. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, lakini kwa miaka kadhaa baada ya hapo Posta ya Uingereza iliendelea kushusha mifuko ya barua za India pale Alexandria, ikapandishwa treni hadi Suez, kisha ikapakiwa melini tena. Meli yapita mferejini, barua zapita nchi kavu! Kuja huku kwetu, ni mwaka 1872 ndipo kampuni ya British India ilipopata mkataba wa meli ya posta kati ya Aden na Zanzibar, mara moja kwa mwezi. Mfuko uliofika Aden siku moja baada ya meli hiyo kung'oa nanga ulilala pale majuma manne. Injini ingekuwa na kasi maradufu, mfuko ungelala vilevile.

Halafu hao matarishi. Mwandishi wenu ametaja mfuko wa barua alizopelekewa Livingstone, yule mmisionari mpelelezi, kule Ujiji, ila hakuusimulia wote. Mfuko ule uliandikwa kwa nje tarehe 1 Novemba 1870, siku msafara wake ulipotoka Unguja. Unguja na Bagamoyo zinatazamana. Jahazi lenye upepo halimalizi siku. Kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, mwandishi wa habari aliyekwenda kumtafuta Livingstone, msafara ule ulikaa Bagamoyo zaidi ya miezi mitatu, ukaondoka Februari 1871 waliposikia kwamba Kirk, balozi wa Uingereza pale Unguja, anakuja. Sisemi wapagazi wale hawana lawama. Nauliza: miezi mitatu yote hiyo, ni nani ng'ambo ya pili aliyetuma mtu kuuliza kama mzigo umeondoka? Ulipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, vita vya mtemi Mirambo vilikuwa vimeifunga njia ya Ujiji, na Stanley ndiye aliyeuchukua akaufikisha mwishoni mwa 1871. Baada ya mwaka mzima! Na watu wa aina hiyohiyo mnayoiita ya wavivu, Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, na wenzao, ndio waliobeba mwili wa Livingstone kwa miguu tangu bara kwa Chitambo mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Hakuna aliyewasukuma. Mtu anayeweza kazi ile asiitwe mvivu gazetini na kijana ambaye hajawahi kuinua gunia la barua.

Nina uchungu na jambo hili kwa sababu limenifika. Mwaka 1994 dada yangu aliyeolewa Muscat alinitumia mwaliko wa harusi ya binti yake, ambaye tangu utoto aliapa haolewi mjomba wake asipokuwepo. Sikuupata. Dada akadhani nimemdharau, akakata salamu. Wiki ya saba nikaingia katika ofisi moja iliyokuwa ikitushughulikia, nikawaomba wanionyeshe chumba cha nyuma, wakanikubalia kwa kuwa wananijua. Nyuma ya mlango, chini ya magunia ya kalenda za mwaka uliopita, palikuwa na gunia lenye lebo ya Muscat. Kamba haijakatwa. Lakiri ya risasi nzima, inang'aa, haijaguswa na koleo. Tarehe ya kwenye lebo ilionyesha kwamba lilishuka kwenye ndege siku tatu baada ya kutumwa. Siku tatu angani na barabarani, siku arobaini na sita nyuma ya mlango! Karani aliyekuwa zamu akaniambia, "Mzee, ndege za huko zinachelewa sana." Nilikata kamba kwa mkono wangu mwenyewe na bahasha ya dada ilikuwa ya nne kutoka juu.

Hapo nisingejua lolote kama si tarehe ile, ndiyo maana naudhika na mihuri ya siku hizi. Bahasha za zamani ukizigeuza nyuma unasoma kila mahali zilipopita na siku zilipofika, na mtu akikokotoa anajua zilikwama wapi. Leo muhuri ni doa la kijivu, na kifurushi kinafika bila muhuri wa kupokelewa. Mchelewaji amepata pa kujificha.

Naomba kila ofisi ipige muhuri barua inapoingia na inapotoka, upande wa nyuma, kwa wino mweusi. Kidau cha wino kibadilishwe kila Jumatatu asubuhi kabla dirisha halijafunguliwa. Magunia yapangwe mbele ya mlango, yasiwekwe nyuma yake, na lebo zitazame nje.

Nanyi mchapishe marekebisho ya neno "wavivu", ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule. Lebo ya gunia lile bado ninayo. Mwandishi wenu akitaka kuiona, nipo nyumbani kila siku baada ya alasiri.

Karani mstaafu wa posta,
Tanga