Risala ya Klabu ya Afya kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Malaria Duniani, 25 Aprili

Ndugu Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya yetu. Mwenyekiti wa Bodi ya Shule. Mkuu wa Shule. Walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni.

Karibu sana shuleni kwetu.

Ndugu Mgeni Rasmi, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2023 visa vya malaria vilikuwa milioni 263 na watu 597,000 walikufa. Katika kila vifo ishirini, kumi na tisa vilikuwa Afrika, wengi wao watoto wasiotimiza miaka mitano. Nchini kwetu, utafiti wa 2022 ulikuta vimelea kwa asilimia 8 ya watoto wa umri huo. Tabora ni asilimia 23. Namba hiyo iliposomwa klabuni, palikuwa kimya. Hao ni wadogo zetu, tunaowabeba mgongoni.

Nyuma ya madarasa yapo mashimo tuliyoyaacha tulipofyatua matofali ya maabara. Msimu huu wa mvua tulichota maji yake kwa upawa mweupe, tukaona viluwiluwi wamelala sambamba na uso wa maji. Mwalimu wa Biolojia akatufundisha: hao ndio anofelesi, wa mbu wengine huning'inia kichwa chini. Mashimo manne tumeyafukia kwa majembe. Mawili makubwa yametushinda.

Tulipita pia majumbani. Vyandarua vingine tulivikuta vimezungushiwa bustani za mchicha. Mama mmoja alitueleza kuwa wanawe hulala mkekani sebuleni, na hapo hakuna pa kufunga chandarua. Hatukumlaumu. Tulirudi kesho yake na misumari minne na kamba.

Lakini lipo lililotuuma zaidi. Februari, mwenzetu wa kidato cha pili alishikwa na homa. Zahanati aliyokwenda ilikuwa imeishiwa vipimo vya haraka, akapewa vidonge vya maumivu na kurudi bwenini. Siku ya tatu tulimpeleka hospitali hajitambui. Dawa mseto ya malaria ipo nchini, tena inatibu, ila yeye ilichelewa kumfikia kwa sababu ya kipimo.

Mwaka 2024 Cape Verde na Misri zilithibitishwa kuwa hazina tena malaria. Misri imeishi na homa hii tangu enzi za mafarao, ikaitoa. Ndiyo maana hatukubali tena mtu akituambia kuwa homa za masika ni za kawaida.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba lori la kifusi kwa mashimo yale mawili, viuadudu vya kuua viluwiluwi kutoka kiwanda cha Kibaha kwa majaruba ya mpunga yanayotuzunguka, na zaidi ya vyote, vipimo visikatike zahanati miezi ya mvua. Kazi ya mikono tutaifanya wenyewe.

Risala hii utakabidhiwa na mwenzetu yule wa kidato cha pili. Amepona, na leo yupo nasi.

Tunaomba kuwasilisha.