Shylock na lafudhi ya dukani

Mhariri,

Hivi karibuni nilialikwa kwenye shule moja ya sekondari kutazama wanafunzi wakiigiza Mabepari wa Venisi, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969 ya tamthilia ya Shakespeare. Kijana aliyemcheza Shylock, Myahudi mkopesha fedha, alibandikwa ndevu za pamba, akaongea Kiswahili cha Mhindi wa dukani. Kila akifungua kinywa, ukumbi mzima kicheko. Nami nilicheka, sikatai, mpaka kesi ilipoanza.

Katika tamthilia ya Shakespeare, Portia, bibi tajiri aliyejigeuza mwanasheria mwanamume, anaingia mahakamani na joho lake la kuazima, anauliza: mfanyabiashara ni yupi hapa, na Myahudi ni yupi? Kwa macho tu, hawezi kuwatofautisha. Swali hilo siku ile halikuulizwa. Lingeulizwaje, na ndevu zile?

Wengi tunakumbuka ratili ya nyama ya mwili wa mfanyabiashara, aliyoidai Shylock kwa deni lisilolipwa, na katazo la kumwaga damu akiikata. Kilichommaliza mzee yule ni sheria nyingine: mgeni akijaribu kumuua raia, nusu ya mali yake anapewa huyo raia, nusu inakwenda serikalini. Mgeni! Mtu mwenye nyumba, binti na wadeni mjini humohumo. Juu ya hayo anaamriwa awe Mkristo. Sisi husema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Venisi iliwatenga Wayahudi katika mtaa wao tangu 1516, malango yakifungwa usiku, ikawakataza kazi nyingi, kisha ikawatukana kwa kukopesha fedha.

Uingereza nayo ilikuwa imewafukuza tangu 1290, miaka 300 hivi kabla ya tamthilia kuandikwa. Watazamaji wengi wa London walimcheka mtu ambaye hawajapata kuishi naye. Vijana wetu hawana kisingizio hicho. Waliyekuwa wakimcheka wanamjua: yupo dukani pale mtaani, na babu yake kazaliwa hapahapa Tanga.

Mwalimu aliyewaongoza nilimuuliza pia habari za mwana wa mfalme wa Moroko, mtu wa rangi yetu au karibu nayo, aliyekuja kumposa Portia kwa kuchagua kasha moja kati ya matatu, ambaye akikosea kasha Portia anashusha pumzi na kuomba wote wa rangi ile wachague vivyo hivyo. Hakuonekana jukwaani kabisa.

Muda haukutosha, niliambiwa.

Mwalimu mstaafu wa fasihi,
Tanga